Vumbi la barabarani: Mkrismasi unauza sura, mchongoma unapiga kazi

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za mapenzi na pamba mpya za mjini, tuzungumze kitu kinachoziharibu hizo pamba kabla hujafika kwenye miadi. Nazungumzia vumbi.

Unatoka nyumbani umeng'ara, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, kiatu kimekula kiwi. Unafika kituoni, lori la mchanga linapita bila turubai, nyuma yake daladala linakimbilia abiria, bodaboda nazo ndio hizo. Ukipangusa uso, kitambaa kinabadilika rangi utadhani umepangusia sufuria ya kuni. Wengi tunaishia kulilalamikia shati. Lakini shati linafuliwa. Mapafu hayafuliwi.

Hapo ndipo yanapoingia majani. Ile mimea ya pembeni ya barabara, ambayo wengi tunaiona ni urembo tu au mahali pa kujificha jua, inafagia hewa usiku na mchana bila mshahara. Ila kwa taarifa yako, si kila mmea unafagia sawasawa, na si kila mahali unapopandwa unasaidia. Mwingine ukiuweka vibaya unaweza hata kukuongezea moshi. Watu wengi mijini wanapanda miti kwa nia njema kabisa, halafu wanakosea mti, wanakosea na mahali.

VUMBI SI VUMBI TU

Vumbi la barabarani ni mchanganyiko wa mambo mengi. Kuna udongo wa njia zisizo na lami, kuna unga wa matairi yanayosagika, kuna chembe za chuma kutoka kwenye breki, na kuna masizi ya eksozi, hasa za dizeli. Vyote hivyo gari likipita vinanyanyuka pamoja.

Sasa tuangalie ukubwa. Chukua milimita moja ya rula, igawe mara elfu. Kipande kimoja hapo kinaitwa maikromita. Unywele wako una upana wa maikromita 70 hivi. Chembe zenye upana wa maikromita 10 kushuka chini zinapita puani na kuingia kifuani. Zile za maikromita 2.5 kushuka chini zinafika mpaka mwisho wa mapafu, mahali damu inapochukua hewa. Vumbi unaloliona kwenye meza ni lile kubwa. Linaloumiza zaidi ni lile usiloliona.

Usidhani natania. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 uchafu wa hewa ya nje ulichangia vifo vya mapema milioni 4.2 duniani. Mwaka 2021 shirika hilo lilikaza kamba: kwa hizo chembe ndogo, wastani wa mwaka mzima usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Miji mingi duniani haipo hata karibu na hapo.

Na kwenye jiji kama Dar es Salaam, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, vumbi haligawanywi sawa. Aliye kwenye gari lenye kiyoyozi kapandisha kioo. Anayelila ni mama lishe, machinga, kijana wa bodaboda, trafiki wa njia panda, na mtoto wa shule ambaye kwa kimo chake pua yake iko jirani na eksozi.

JANI LINAKAMATAJE?

Kama umewahi kusimama kwenye daladala lililojaa, somo hili tayari unalijua. Dereva akikata kona ghafla, gari linageuka, lakini wewe mwili wako unaendelea mbele, unajikuta umemwangukia abiria mwenzako. Vumbi nalo ni hivyohivyo. Upepo ukifika kwenye jani unalizunguka, lakini chembe nzito inashindwa kukata kona. Inaenda moja kwa moja, pwaa, inabamiza jani.

Chembe za wastani zinaufuata upepo, ila zikipita karibu sana na jani zinalikwaruza na kunasa, kama sweta linavyonasa kwenye msumari. Zile ndogo kabisa hazina msimamo, zinayumba ovyo hewani kama mlevi, na katika kuyumba huko zinajikuta zimegusa jani. Na hewa ikitulia, nyingine zinashuka zenyewe kwa uzito na kutua juu yake.

Kukamata ni kazi moja, kushikilia ni kazi nyingine. Jani laini linaloteleza upepo wa gari linalofuata unaweza kulipokonya mzigo wake. Jani lenye vinyweleo, mikunjo au mishipa iliyojitokeza linashikilia zaidi. Majani mengi pia yana nta juu yake, na chembe ndogo zikizama kwenye hiyo nta hazitoki hata kwa mvua. Zinabaki pale mpaka jani lenyewe lianguke.

Mvua kazi yake ni kulisafisha lile vumbi kubwa la juu na kulishusha ardhini, jani lianze upya. Ndiyo maana baada ya masika mji mzima unaonekana umeoga. Kasheshe ni kiangazi. Mvua hakuna, vumbi ndio limepamba moto, na majani yameshajaa. Jani lililojaa ni kama ufagio uliojaa matope, halifagii vizuri. Tena vumbi likizidi linaziba vitundu vya kupumulia vya jani na kulizuia jua, mmea wenyewe unadhoofika.

PAMBA NYEUPE, MAJIBU MEUSI

Mimi si mtu wa kuambiwa tu. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mvua ikiwa haijaonekana siku nyingi, nilichukua pamba nyeupe ya dukani na chupa ya maji, nikaenda kwenye njia moja ya vumbi maeneo ya Tabata. Kuna wigo wa michongoma pale, mrefu kunizidi, umeshonana tangu chini. Upande mmoja barabara, upande wa pili mama lishe na mabenchi yake.

Nikafuta majani kumi ya upande wa barabara, usawa wa goti. Pamba ikawa rangi ya kahawia iliyokolea, katikati nyeusi. Nikafuta mengine kumi usawa wa kifua, upande uleule. Kahawia, ila imefifia. Nikazunguka nyuma kwa mama lishe, nikafuta kumi mengine. Pamba ikapata rangi ya chai ya maziwa, basi.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ananiangalia muda wote. "Bro, unatafuta dawa ya kienyeji nini?" Nikamwonyesha zile pamba tatu. Akazitazama, akaitazama barabara, akavuta kola ya jaketi mpaka puani.

Mama lishe yeye hakushangaa. "Mwanangu, mimi nilikuwa ng'ambo ile kwenye uwazi. Sahani unaiweka safi, ukigeuka ina mchanga. Wateja wakawa wananisema. Nikahamia huku nyuma ya miba, sijajuta." Halafu akashusha sauti. "Ila mwenye eneo anasema ataung'oa, ajenge fremu za maduka."

Hiyo ndiyo hali halisi, msomaji wangu. Wigo ukiondoka pale, hakuna kikao kitakachokaa kuuhesabu kama hasara. Atakayejua ni mama lishe na kifua chake.

WENZETU WALIPIMA NA TELEVISHENI

Usiseme pamba zangu ni za kiswahili. Wataalamu wa chuo kikuu cha Lancaster, Uingereza, walifanya kitu kinachofanana na hicho, wakakichapisha mwaka 2013. Walipanga miti michanga aina ya bechi mbele ya nyumba za pembeni ya barabara yenye magari mengi, kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha wakapima vumbi ndani ya nyumba, na miongoni mwa sehemu walizofuta ni vioo vya televisheni. Nyumba zenye miti mbele zilipata vumbi pungufu kwa zaidi ya nusu. Majani ya bechi yana vinyweleo na mikunjo, sifa zilezile nilizokutajia.

Mji mwingine wa hukohuko Uingereza, Guildford, watafiti wa chuo kikuu cha Surrey walilinganisha barabara zenye miti peke yake, zenye wigo peke yake, na zenye vyote viwili. Matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba wigo, au wigo pamoja na miti, ndio uliosaidia. Masizi yalipungua mpaka asilimia 63 nyuma yake. Miti peke yake haikuonyesha faida kwa mpita njia.

Kwa nini? Fikiri kidogo tu. Eksozi iko chini. Matairi yako chini. Pua yako ipo chini ya mita mbili. Mti ambao majani yake yanaanzia mita nne juu unafagia hewa ya ndege, wewe uko kwenye shina unavuta.

"UNATAKA WA KIVULI AU WA UREMBO?"

Nikamfuata muuza miche wa pembeni ya barabara, mzee mmoja mwenye makopo yake yamepangwa kama gwaride. Shikamoo, marahaba, nikamwambia nataka mche wa kuzuia vumbi.

"Kijana, unataka wa kivuli au wa urembo?"

"Wa vumbi, mzee."

Akacheka. "Huyo hajawahi kuulizwa hapa." Akaninyooshea mkrismasi. "Chukua huu, Desemba watu watapiga picha kwako."

Kwa sura, mkrismasi hauna mpinzani. Maua yake mekundu yakifunguka, mtaa mzima unabadilika. Lakini kwa kazi yetu una kasoro mbili. Mwavuli wake uko juu, na kwenye kiangazi kikali unapukutisha majani, yaani vumbi linapofika kileleni wenyewe umevua nguo. Mkungu nao una majani mapana kama sahani, kivuli chake hakuna mfano, lakini msimu ukifika majani yanageuka mekundu na kuporomoka.

Tulichambua kopo moja baada ya jingine, na orodha niliyoondoka nayo ni hii.

Mchongoma: majani madogo yaliyosongamana, matawi mpaka chini, unavumilia kukatwa. Miba yake ni mlinzi wa bure.

Bogenvilia: ukiiwekea fito inapanda na kufunga uwazi wote, na kuna aina yenye majani yaliyojaa vinyweleo. Inavumilia jua kali. Na kama unataka urembo, upo humohumo.

Mwarobaini: jani lake limegawanyika vijani vingi vyenye kingo kama msumeno, na hubaki kijani sehemu kubwa ya mwaka. Huu upandwe nyuma ya wigo, usiwe peke yake.

Mvinje: ule si mti wa majani mapana, ni nyuzinyuzi tupu, upepo unapita katikati unachujwa kama chai. Unahitaji nafasi, kwa hiyo si wa uchochoroni.

Mwashoki: watu wanaupanda mmojammoja kama nguzo getini, hapo unapendeza tu. Ukipandwa karibukaribu na matawi ya chini yakaachwa, unakuwa ukuta wa kijani.

Mnyaa unafunga uzio vizuri, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Kwenye watoto achana nao.

KARIAKOO NI HABARI NYINGINE

Hapa ndipo wengi watashangaa. Kwenye barabara ya wazi, kijani ni rafiki. Kwenye mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote mbili, kama mitaa mingi ya Kariakoo, miti mikubwa yenye matawi yanayokutana juu inakuwa kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa magari unapanda, unakutana na mfuniko, unarudi kwa machinga na wateja wake. Upepo ambao ungeusukuma nje umezuiwa.

Sehemu kama hizo, mimea mifupi kati ya magari na njia ya miguu, au mimea inayotambaa ukutani, ni salama kuliko mti wenye kichwa kikubwa. Watafiti wa Uingereza waliokokotoa jambo hili kwa kompyuta na kutoa matokeo mwaka 2012 waliona kuta za kijani kwenye mitaa ya aina hiyo zinaweza kupunguza chembe mpaka asilimia 60 pale mtaani. Hayo ni mahesabu ya mahali pazuri kabisa, lakini yanaonyesha njia.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Nikikuambia miti itasafisha jiji zima nitakuwa nakupiga changa la macho. Marekani walifanya hesabu iliyotoka mwaka 2006: miti na vichaka vya miji yao vilikuwa vinaondoa tani 711,000 za uchafu wa hewa kwa mwaka. Nyingi kweli! Lakini ukigawa kwa hewa yote ya miji hiyo, ubora wake ulipanda kwa chini ya asilimia moja mara nyingi.

Kwa hiyo mambo yote mawili ni kweli. Mti hausafishi mji, lakini wigo mzuri unamkinga aliye nyuma yake. Dawa ya vumbi inaanzia linakotoka: lami, turubai juu ya lori la mchanga, kumwagia maji barabara inayojengwa, dereva kupunguza mwendo kwenye njia ya udongo, na gari linalotoa moshi mweusi kupelekwa gereji. Kiongozi akikuletea miche mia moja badala ya lami aliyoahidi, pokea miche, ila endelea kumdai lami.

JANI HALICHAGUI

Kabla sijasahau, jambo hili ni la jikoni. Jani la mchongoma likikamata vumbi, la mchicha je? Matembele je? Nayo ni majani, nayo yana vinyweleo na mikunjo. Mboga zilizolimwa kandokando ya barabara kubwa zinafanya kazi ileile ya kufagia, tofauti ni kwamba hizi tunazila.

Petroli yenye madini ya risasi ilikomeshwa Afrika kusini mwa Sahara kuanzia Januari 2006, lakini risasi haiozi; iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara kwa miaka mingi inaweza kunyanyuka tena na vumbi. Kwa hiyo osha mboga kwa maji mengi, jani mojamoja, tena zaidi ya mara moja. Na kama una kieneo cha kulima, weka wigo upande wa barabara, mboga zikae nyuma yake, mbali kadiri unavyoweza.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, panda upande wa barabara, kati ya gari na mahali watu wanapokaa. Bustani ya nyuma ya nyumba haikamati vumbi la mbele.

Pili, funga mapengo. Upepo ni kama maji, ukiuachia tundu unapita hapohapo kwa nguvu. Majani yaanze ardhini, wigo uwe mnene, na urefu uzidi kichwa cha mtu.

Tatu, kiangazi uogeshe. Maji uliyofulia yakiwa hayana sabuni kali, nyunyizia majani ya upande wa barabara jioni. Unarudisha ufagio kazini.

Nne, majani makavu usiyachome. Jani limehangaika miezi kukusanya uchafu, wewe unawasha kiberiti unaurudisha hewani ukiwa na moshi juu yake. Yalowanishe kidogo kabla ya kufagia, kisha yafukie.

Tano, uliza kabla ya kuchimba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara kuu waone TANROADS, za mitaani TARURA. Usipande kwenye kona ukawaziba madereva, wala juu ya mtaro, wala chini ya nyaya za umeme.

Na kama mtaani kwenu kuna wigo wa zamani ambao mwenyewe anataka kuung'oa, nenda kamwone kwa heshima kabla panga halijatoka. Mwambie fremu zinaweza kujengwa, na wigo ukabaki mbele yake na mlango katikati; wateja nao wana mapua. Mche mpya unachukua miaka kufika kimo cha mtu, mche mzee uko kazini leo.

Mimi yule mama wa Tabata nimeshamwahidi kwenda naye kwa mwenye eneo, tukiwa na zile pamba tatu kwenye mfuko wa nailoni. Kama na wewe unayo michongoma ya kuitetea, pamba bei yake ni ndogo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.